Mchanga Niliouweka kwenye Mahindi

Jumatatu, 2 Desemba
Palizi imebaki mistari minne. Mgongo unauma. Viwavijeshi wamerudi. Majani yametobolewa, na kwenye moyo wa mhindi, pale majani mapya yanapochipukia, wameacha kinyesi kama vumbi la mbao. Naogopa. Mwaka jana walikula nusu ya shamba huku naangalia.

Bwana shamba amepita, viatu vinang'aa utadhani anakwenda harusini. Anasema nichanganye majivu na mchanga laini, nitie kwenye moyo wa kila mhindi. Majivu ninayo. Mchanga hapa nitautoa wapi? Udongo wetu ni wa mbuga, mweusi, unanata. Mtoni ni mwendo wa saa nzima.

Alhamisi, 5 Desemba
Mchanga nimepata. Nyuma ya karasha, wanaposaga mawe ya dhahabu, kuna kilima cha marudio, yale mabaki yaliyokwisha kuoshwa. Laini kama unga. Mama Neema, anayeosha dhahabu pale, hakuwa na neno. "Chukua tu, mayu. Dhahabu yake ilishatoka."

Ndoo sita, kichwani. Nimejiona mjanja kuliko bwana shamba.

Jumapili, 15 Desemba
Viwavi wamekwisha. Mahindi ya kijani hadi raha. Binti yangu Kulwa amefika kutoka Shinyanga, mimba ya miezi sita. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, ndivyo tulivyozoea. Anapenda majani ya maboga niliyopanda katikati ya mahindi. Anakula kila siku, na kurudia.

Jumatano, 15 Januari
Zahanati na Kulwa. Nesi amewaonya wajawazito wote: msisogelee mialo ya kuoshea dhahabu wala marudio. Zebaki wanayokamatia dhahabu inamfikia mtoto tumboni, inaharibu ubongo.

Nilidhani zebaki huondoka pamoja na dhahabu. Nimeuliza, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani.

"Nyingine inabaki kwenye mchanga, mama. Huwezi kuiona."

Njia nzima Kulwa anaongea habari za nepi. Sikusikia hata nusu.

Ijumaa, 17 Januari
Nimeng'oa maboga yote, nimeyafukia. Nimemwambia Kulwa yana wadudu. Uongo. Mwezi mzima nimemlisha mwanangu kwa mkono wangu. Mvua ilikuwa inasukuma ule mchanga kutoka kwenye mahindi, unatua juu ya majani ya maboga. Niliyaosha, lakini niliyaosha sawasawa? Sikumbuki.

Jioni bwana shamba akaja. Furaha tele. Jumanne analeta wakulima waje wajifunze kwangu.

Jumatatu, 20 Januari
Nikisema, Kulwa atajua. Nisiposema, kesho hiyohiyo kila mtu atakwenda karasha na ndoo yake. Nimetamani homa inishike, nilale tu. Mimi ni mwoga. Sikujua kwamba ni mwoga kiasi hiki.

Jumanne, 21 Januari
Walijaa. Wamesifu, wameshika majani, wameulizana mbegu gani. Bwana shamba akaniita mbele nieleze. Nikaeleza majivu. Nikaeleza mchanga. Halafu nikasema nilikoutoa, na alichosema nesi. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie.

Jirani yangu, Mama Shija, akakaa chini palepale kati ya mistari. Aliniona Desemba na ndoo zangu, naye akafanya vilevile, hakuniambia. Watoto wake ni watano. Bwana shamba alisema kosa ni lake, alitaja mchanga bila kusema wa wapi. Ni muungwana, lakini ndoo nilizibeba mimi.

Kulwa alikuwa amesimama nyuma ya watu.

"Ulijua lini, mama?"

"Jumatano. Kule zahanati."

Akaingia ndani. Hajatoka.

Jumatano, 22 Januari
Tumerudi zahanati. Kulwa alitangulia mbele, mimi nyuma. Nesi hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Hapo hakuna kipimo cha zebaki. Amesema udongo upimwe kwanza, na mtoto akizaliwa aangaliwe kwa muda mrefu, kama anasikia, kama anaona vizuri.

Jumapili, 9 Februari
Mahindi makubwa kuliko miaka yote. Sijavunja hata moja. Kwa majirani wa ng'ambo wanachoma mahindi, harufu inaingia hadi ndani, na sisi tunapika ugali wa unga wa sokoni. Bwana shamba amepeleka udongo na mahindi kupimwa. Jibu bado. Nimezungushia shamba miiba wapita njia wasichume. Mama Shija amekata mahindi yake yote, hakusubiri jibu.

Kulwa ananiitikia sasa. Maneno machache. Leo amechukua mkono wangu akauweka tumboni, mtoto alikuwa anacheza. Nililia, naye akaniacha nilie.

Ijumaa, 14 Machi
Msichana. Amelia mara moja tu, kidogo. Nesi anasema ni kawaida. Nimehesabu vidole mara tatu.

Jumatano, 16 Aprili
Jibu la vipimo bado. Mahindi yamekauka yakiwa yamesimama, ndege wanayala, siwafukuzi wala siwaangalii.

Kila asubuhi Kulwa akienda kuoga namchukua mtoto. Nakaa naye mlangoni penye mwanga. Nampigia makofi karibu na sikio, polepole, mama yake asisikie. Leo alishtuka, akafungua macho. Kesho nitapiga tena.