Rundo la Mapanga Mlangoni

Jumanne, Gorong'a

Mjinga ni mimi. Nani aliwaambia vijana wa kikundi changu cha maridhiano waache mapanga yao mlangoni, yote rundo moja? Marwa alipotamka kwamba ng'ombe wa kina Chacha ni wa wizi, Chacha alimpiga kiti cha mdomo, damu ikaruka hadi kwenye shati langu. Wote wakakimbilia mlangoni.

Ghati aliwahi kabla yao. Binti huyu hajawahi kusema neno kikundini tangu kaka yake akatwe mapanga hadi kufa. Akalikalia lile rundo.

"Anayetaka panga lake anikate mimi kwanza."

Hakuna aliyesogea.

Miezi yote hii nimembembeleza Ghati aongee. Leo kaongea, na mimi, mwezeshaji wao, nilikuwa chini ya meza.