Naenda Roma, Mkwe Wangu Atalala Wapi?

Jumapili, Kibara. Asubuhi mvua imepiga, sasa ziwa limetulia kama maji ya beseni.

Wewe unayesoma, ulikuwa wapi? Ulipita hapa kabla sijavuna mtama, ukapotea. Hata mbuzi jioni anarudiga. Haya, kaa. Shule mimi sikuiona. Nasema tu, simu inaandika.

Naenda Roma.

Binti yangu Nyangeta ameolewa huko, na mtu wa hukohuko. Miaka imepita sijamshika mkono. Tiketi wameshakata, pasipoti nimeifuata Musoma, viatu vya kukanyagia yale mawe yao ya kale nimenunua Bunda. Nataka nifike kwenye kaburi la Petro nimsalimie. Alikuwa mvuvi kama marehemu mume wangu, hatutakosa la kuongea.

Ila wiki nzima nilikuwa nimekataa safari.

Kisa nyumba. Nyangeta ana vyumba viwili na choo kimoja. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, wala hawatazamani usoni. Ni heshima, si ugomvi. Nikamwambia, "Nikutane naye mlangoni mwa choo? Siji." Akalia. Na mimi nililia, lakini nilikata simu kwanza.

Leo nimetoka kanisani, akapiga ya video. Mara naona ukuta mtupu. Nikadhani simu imemponyoka. Kumbe mkwe wangu ameigeuza tusionane, anasema kwa Kiswahili chake kinachochechemea:

"Shikamoo mama. Nyumba ni yako. Mimi nalala kwa mama yangu, ghorofa ya chini."

"Marahaba, baba," nikauambia ukuta. "Na kula?"

"Nakuja kula. Nakaa jikoni, nyinyi sebuleni."

Nyangeta akadakia, "Kwa hiyo mama unakuja?"

"Hebu nyamaza, naongea na mkwe wangu."

Nani amemfundisha? Sijauliza. Mtu wa mbali vile amejua kunigeuzia uso, na vijana wa hapa wananikodolea macho tu sokoni.

Dagaa wake nimeshaanika. Nimempa agizo moja: akifika kwenye ngazi akohoe, nijitande kanga, nimpishe.

Moyo umetulia. Ninajicheka mwenyewe hapa jikoni.

Nawe ukirudi, usingoje mavuno mengine. Na usikohoe mlangoni, wewe si mkwe. Ingia moja kwa moja, uje na njaa.