Mshenga Kanasa kwenye Sakafu ya Mabhena

Sikia, Ncube: yule fundi Dumezweni hana msasa, hana kikwangulio, hana masikio.

Mabhena alimwambia sakafu yake ya mbao imejaa nta ya miaka mingi, aikwangue kabla ya kupaka vanishi. Akajibu, "Baba, vanishi haichagui." Haichagui.

Leo wajumbe wa mahari wakakaa chini, kama ada inavyotaka. Vanishi juu ya nta haikauki, Ncube. Mshenga kutaka kuinuka, kanasa. Suruali ya suti, imenasa.

Mabhena alijua ndoa ya binti yake imeharibika. Na yule mpumbavu, akitafuna nyama ya wageni mlangoni, anasema, "Kaeni tu, itakauka."

Mshenga akageuza shingo. "Mkwe, binti tunamchukua. Fundi baki naye."