Maji ya Lackson

Kazi Ine, tarehe 1 mwezi wa tano 2025

Leo Kocha Bwembya alinipa jezi namba tisa. Mi Félix, mutoto ya kambi ya bakimbizi ya Mantapala, namba tisa ya Chisense Rangers! Nilitaka kuruka. Lakini hakuna mutu alipiga mikono.

Mbele ilikuwa ya Lackson. Mwezi wa tatu alienda Kilwa, ngambo ya ziwa, kuona bandugu ya baba yake, saa ya kurudia upepo ikapindua bwato. Bengine baliogelea. Yee ziwa ilimubeba, ata mwili haikuonekana. Jezi njo ilibakia, juu alikuwa ameiacha kwa fundi. Mukono ilipasuka. Jezi ni bluu, uzi ya fundi ni nyekundu.

Lombe, golikipa yetu, alisema tu: "Uifue kwanza." Nimeifua, nikaifua tena. Inanuka ziwa. Bon, hapa kila kitu inanuka ziwa.

Kidole kikubwa ya muguu ya kuume imevimba, beki moja alinikanyaga juzi. Kesho kutwa, siku ya posho, nitacheza vile vile. Nikilalamika, jezi itaenda kwa mwengine. Wapi!

Siku ya Posho, tarehe 3 mwezi wa tano

Goli mbili! Na zote na kushoto! Mi sina kushoto. Tangu utoto, kwetu Pweto, bana balikuwa bananicheka — muguu ya kushoto ya Félix ni ya kusimamia tu.

Leo mupira ilikuya juu, kuume inauma, nikapiga na kushoto bila kufikiri. Pa! Ku kona ya juu kabisa. Bantu ya hapa Kashikishi baliingia mu kiwanja, banaita: "Lackson! Lackson!" Nilifikiri ni huzuni tu inabasemesha.

Kisha ya match mama mumoja alikuya katikati ya kiwanja na kikombe nyeupe ya bati. Maji. Alipiga magoti mbele yangu — mama mukubwa vile, kunipigia mi magoti! Kiu ilikuwa inaniua. Nikanywa yote. Nyuma yake kulikuwa bamama bengine. Kisha mumoja akapiga vigelegele, mwengine akaanza kulia. Nikasema, "Natotela, mayo," asante mama, Kibemba yangu ile kidogo. Akanipangusa mudomo na kitenge yake.

Njo Ba Esnart. Mama ya Lackson. Nilikuya kujua nyuma.

Siku ya Mungu, tarehe 4 mwezi wa tano

Lombe alinivuta pembeni ya kanisa. Akauliza: wee Mukongomani, unajua ulikunywa nini? Maji, nikasema. Akasema: maji ya jina.

Kwao mutu akikufa, jamaa inachagua mutu na kumupa maji. Akinywa, anakamata jina ya marehemu, na roho yake pia. Mupashi, banaita. Kuanzia pale yee njo ule marehemu, mutoto ya ile nyumba. Lakini mbele ya kunywa anaulizwa, anakubali.

— Hakuna mutu aliniuliza!

— Alipiga magoti. Njo kuuliza. Ungeweka kikombe chini, njo kukataa.

Nikacheka. Kwetu mutu akikupa maji unakunywa, ni heshima! Kuweka kikombe ya mama ya mutu mu vumbi, nani alinilea vile? Nikamwambia: bon, ile maji nilishakojoa tangu jana. Lombe hakucheka. Akasema, "Maji ikimwangika haizoleki. Na yenye kunywewa je?"

Kazi Tatu, tarehe 14 mwezi wa tano

Ba Esnart ananiita kula kisha ya mazoezi, na mi naenda. Nidanganye nani hapa? Napenda. Iko nshima ya moto, ugali yabo, iko samaki ya leo leo. Luse, mutoto ya Lackson, mwenye meno ya mbele ilitoka, alipanda ku mapaja yangu akasema, "Tata," baba. Sikumushusha.

Lakini leo nilisema kitu. Ba Esnart alikuwa anapakua, mi nikasema: mayo, usiniwekee kichwa ya samaki, inaniangalia. Nilisema na Kibemba. Kibemba yote, safi! Mi najua Kibemba ya soko, salamu na bei, basi.

Mwiko ilimuanguka. Akasema Lackson alikuwa anasema vile tangu utoto wake.

Na mi kichwa ya samaki njo napenda kupita vyote. Ku nyumba tunaigombania na Plamedie, dada yangu, mupaka mama anatutenganisha. Leo nilikula mukia. Ilikuwa tamu.

Kazi Tano, tarehe 23 mwezi wa tano

Mutu ya klabu moja ya Kitwe alikuwa ku kiwanja! Gari nyeupe, tulifikiri ni mutu ya serkali. Nilipiga goli, nikapatia mwenzangu pasi ya goli ingine. Alisemezana na Kocha, kisha akaniita. Kontra, mukataba ya kweli! Kwanza majaribio, mwanzo wa mwezi wa sita. Nikicheza kule vile nilicheza leo, nasaini. Akasema: mi sitafute mukimbiaji, bakimbiaji beko bengi. Natafuta ile muguu ya kushoto.

Ile muguu. Sawa kitu ya kuchagua ku soko.

Kidole ilishapona. Asubuhi nilijaribu kuume, goli tupu, hakuna golikipa. Nje. Nje. Nje! Ile muguu yenye nilizaliwa nayo! Kocha anasema ni kawaida: ulikuwa unachunga kidole, kushoto ikajifunza kazi, kuume ikawa mvivu. Muguu ni mazoea. Nataka kumuamini. Namuamini.

Buti natundikaka ku musumari. Kila asubuhi ya kushoto iko na maji ndani. Ya kuume, kavu. Na mvua ilishaisha tangu mwezi uliopita.

Kazi Moja, tarehe 26 mwezi wa tano

Nilirudia ku kambi ya Mantapala kuambia mama. Mama Pierrette, mwenye alinizaa — niandike wazi. Alicheza! Aliita majirani yote, akaimba jina yangu mupaka ku kisima. Akapika samaki, akanipa kichwa vile siku zote. Nikamusukumia Plamedie.

Mama akaangalia sahani. Akaniangalia. Nikamwambia yote: kikombe, magoti, jina.

Akasukuma sahani pembeni. Kisha akasema: "Nilikuvusha ile ziwa, masasi ya bunduki nyuma yetu, maji inaingia mu bwato, nakukamata na shingo ya shati. Ziwa haikukubeba. Sasa we unaenda kunywa ku kikombe ya mwenye ilimubeba? Nilizaa Félix. Urudishe ile maji ya bantu."

— Mama, na muguu je?

Akanipiga kofi. Mutu mukubwa hivi, na kontra inaningojea, kofi! Plamedie alicheka, kisha akaona uso ya mama, akaacha.

Siku ya Posho, tarehe 31 mwezi wa tano

Ba Esnart alikubali nirudishe maji. Hakugombana ata kidogo, na njo ile ilinichoma. Asubuhi tulienda ku maji, pembeni ya pale bamama banaanika chisense, dagaa ya hapa, yee na kikombe yake nyeupe. Luse alitufuata, anarusha mawe mu ziwa.

Alinieleza: jaza kinywa, tema mu ziwa, sema jina yako. Basi. Kitu yenye ilikuya na maji itarudia na maji.

— Yote?

— Yote, mwana wandi.

Nilijaza kinywa. Maji ilikuwa ya vuguvugu, na muchanga kidogo. Nikaona Kitwe. Kiwanja ya majani ya kweli, bantu mupaka juu, mama mu nyumba ya matofali, hakuna tena hema, hakuna kupanga mustari na sahani. Nikaona mupira inakuya juu, na mi nasimama na muguu ya kusimamia tu.

Nikameza.

Ba Esnart alifunika uso na kitenge. Sijue kama alilia ao alicheka. Nikamwambia: mayo, nikishasaini nitarudia, tutarudisha maji muzuri. Akasema, "Ata siku ile ya Kilwa ulisema utarudia."

Alisema "ulisema". Na mi nikainamisha kichwa, sawa mutu mwenye alisema kweli.

Naogopa. Niandike vile iko: naogopa sana.

Kazi Tatu, tarehe 4 mwezi wa sita

Niko mu basi, stesheni ya Nchelenge, ku dirisha. Mansa, kisha Kitwe. Kesho asubuhi majaribio.

Kitu ilifanyika sasa hivi.

Nilikuwa nyuma ya basi nafunga begi na kamba. Makelele ya kila siku: bauzishaji ya samaki, konda, miziki. Lombe, mwenye alinisindikiza, njo alinihadisia nyuma. Mama alikuwa anakuya toka barabarani anaita: Félix! Félix wee! Stesheni yote ilisikia. Baligeuka ata bale habaitwe Félix. Mi sikusikia kitu. Yesu anaona, sikusikia! Alifika karibu ya mugongo yangu, akaita tena na nguvu yote. Nikaendelea kufunga kamba.

Kisha akasema polepole, "Lackson."

Nikageuka. Nikasema, "Mayo?"

Mayo! Ku mama yangu. Mi sijamuita mama vile ata siku moja.

Mufuko ya mikate ya mafuta ilimuponyoka. Lombe aliiokota, akapangusa vumbi, akanipa, bila kuniangalia. Iko hapa ku mapaja. Ingali na moto.

Mama hakulia. Sasa amesimama chini ya dirisha yangu, amekamata chuma na mikono yote mbili. Haniambie nishuke. Haseme tena ziwa wala kikombe. Anaomba kitu moja tu: sema jina yako. Mara moja, nisikie na masikio yangu, kisha nitakuacha uende, na baraka yangu.

Basi imejaa. Konda anapiga bati. Dreva amewasha.

Anasema tena: sema tu, mutoto yangu. Nakungojea.

Ni jina fupi. Nalijua, naliona hapa juu, nililiandika mi mwenyewe ku ukurasa ya kwanza. Mama anaangalia mudomo yangu, na mi sijue ni jina gani itatoka. Niko naandika ili nisimujibu.