Nilisema Nilikuwepo Tanga

Niaje, Makokha.

Kaburi yako nimechimba mimi. Peke yangu, na sururu moja ya mpini mbovu, asubuhi kabla ya chai. Nilichimba mpaka nikagonga maji, nikaonja, nikapata ni ya chumvi, nikasema basi, hapa baharia atalala vizuri.

Sawa, ni uongo. Vijana wa kwenu Bungoma ndio walichimba. Mimi nilikalia kiti cha plastiki chini ya tenti, miguu imevimba na safari, nikitafuna kuku ya matanga yako kama mtu amefiwa sana. Na nilikuwa nimefiwa. Lakini kuku ilikuwa tamu, siwezi kukuficha.

Nakuandikia kwa sababu umeniacha kwa shida, na mwenye kujua jibu ni wewe tu, na wewe ndio hivyo.

Ile sheria yetu unaikumbuka. Kila meli ya mizigo niliyofanyia kazi ilikuwa nayo, na zako pia. Mwenzako akitoa hadithi, hata iwe kubwa namna gani, humwiti muongo. Unasema "Nilikuwepo," halafu unaongeza yako juu. Atakayesema "hiyo ni uongo" ndiye anaosha vikombe vya wote. Sisi wawili hatukuwahi kupanda meli moja. Wewe ulipaka injini mafuta, mimi nilimenya viazi jikoni kwa meli zingine, zikielekea kwingine kabisa. Tulijuana huku Kawangware tukiwa tayari wazee, siku ulileta kiatu kwa kibanda changu pale Kabiro nikitie soli. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa shahidi wako. Ukisema injini ilikuwa na joto mpaka kivuli chako kikakataa kuingia, nasema nilikuwepo, kivuli kilikuja jikoni nikakipa chai. Watu pale kwa kibanda cha chai, huku mtaa wa Kongo, wanacheka wanamwaga chai, wewe umekunja uso kama jaji.

Sasa hadithi ya Tanga. Ati ulikuwa na mwanamke huko, akajifungua siku meli inang'oa nanga, na mtoto, msichana, akalia kwa nguvu mpaka nahodha akadhani ni honi ya meli kubwa, akageuza usukani ampishe. Hiyo uliirudia mpaka wauza sukuma wiki wa mtaa wa Satellite wakaijua.

Basi sikia. Siku tunapanga mazishi, tumejaa kwa nyumba yako, mke wako Mama Wekesa amekaa kitandani na wamama wenzake, ndugu yako Simiyu ameshika kikao kama chifu. Akaingia mwanamke mtu mzima, amejifunga mtandio. Akasema anaitwa Zuhura, anashona nguo Kibera, alizaliwa Tanga, na mama yake kabla hajafa alimwambia baba yake ni baharia mmoja, Makokha. Amesikia umekufa. Shamba hataki. Anataka tu kutupa mchanga pamoja na watoto wengine.

Makokha, sauti ilikuwa ndogo! Simiyu alimwambia, "Mama, ongeza kidogo, hapa hakuna mtu amelala." Nikajiuliza, huyu ndiye alipishwa na meli?

Simiyu akanigeukia. "Mzee Mutua, wewe ndiye ulikuwa unashinda naye. Hii maneno ya Tanga ni ya ukweli?"

Na huu mdomo wangu, mdomo mjinga uliozoea kukufuata kama mbwa, ukasema, "Nilikuwepo."

Nilingoja mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Nikaogopa, na nikiogopa unajua navyofanya, nikaongeza, "Hata nilimshika huyo mtoto. Alikuwa amefungwa kwa kanga nyekundu." Zuhura akainuka pale mlangoni, akaja akashika mkono wangu na mikono yake miwili. Ukishikwa hivyo utaanza wapi kusema ulikuwa unacheza?

Ikapita. Akasafiri na sisi, akatupa mchanga baada ya wavulana wako. Nilimwangalia sana, nikingoja alie nipime hiyo honi. Hakulia. Alipangusa tu pua. Nikatafuta yale masikio yako makubwa, mtandio umefunika.

Tangu tukuzike kichwa changu hakijatulia. Leo nasema ni wako, kwa sababu anamwaga chai kwa kisosi na kuipuliza vile ulikuwa unafanya. Kesho nasema labda Tanga wote wanapuliza hivyo. Siku moja aliniambia mama yake alimsimulia habari ya honi. Nikaruka, nikasema hapo sasa! Kabla sijafika nyumbani nikakumbuka kila mtu anaijua, na Kibera si mbali, umbea unafika na miguu. Halafu nikaanza na zingine. Yule pweza uliyesema alikufundisha kucheza karata, naye alikuwa wa ukweli? Nikiuliza hadithi moja, zote zinakuja kusimama mlangoni zinataka kuulizwa. Makokha, wewe ulikuwa nani? Nimekunywa chai na wewe miaka hii yote na sijui kama nilikunywa na mtu ama na maneno.

Kijana wako Wekesa alisema kwa simu damu ipimwe. Mama yake akamwambia, "Anza na yako," akakata simu.

Mimi nikaona wacha nikaseme ukweli, kabla haijakuwa kubwa. Nikaenda kwako, kofia mkononi. Nikamkuta Mama Wekesa amekaa chini kwa mkeka, Zuhura nyuma yake anamsuka. Mama Wekesa, huyo hata wewe ulikuwa unamwogopa, alikuwa amefunga macho kama mtoto. Zuhura akatoka kuteka maji. Nikaanza, "Mama Wekesa, ile siku, ile maneno ya Tanga..."

Hakufungua macho. "Mutua," akasema, "wewe Tanga uliisikia kwa redio."

Nikaivaa kofia, nikaivua tena.

"Mimi nilizaa vijana watupu," akasema. "Wako mbali, wananitumia kredo ya simu. Huyu anakuja kila Jumapili anauliza kichwa kinauma wapi. Kaa chini. Kunywa chai."

Nikakaa, nikanywa. Sasa niambie, huyo mke wako anajua kitu, ama hataki kujua? Nimegeuza hiyo swali kama chapati, pande zote zinaungua.

Na bado sijafika kwa shida yenyewe. Simiyu anataka Desemba wazee wa ukoo wamkubali Zuhura kabisa, achinjiwe, aonyeshwe mahali atazikwa siku yake ikifika. Wamesema watasikiliza shahidi. Shahidi ni mimi. Si pale kwa chai tena, Makokha. Hao wazee hawajapanda meli, sheria yetu hawaijui, na hakuna atakayeosha kikombe. Nikisema sikuwepo, Zuhura anarudi Kibera bila baba, na Mama Wekesa anabaki na kredo. Nikisema nilikuwepo, na siku moja Mungu aniulize kanga ilikuwa nyekundu kweli...

Nilianza kuandika nikitaka uje ndotoni unieleze. Karatasi imenibadilisha. Nitaenda Bungoma. Nakuahidi, nitavaa ile koti yako waliyonipa, nitasimama mbele ya wazee, na niliyosema nitayasema tena, bila kuongeza hata pweza mmoja. Na hapa nyumbani nitapita kwa Mama Wekesa kila Jumapili nione kama anakula.

Lala salama, mzee mbaya wewe. Kiti chako hakuna mtu amekalia, si kwa heshima, mguu umevunjika.

Kitu kimoja tu. Kila nikianza hadithi yangu uliingia katikati. Hakuna hata moja uliniacha nikamaliza. Una deni langu la kunyamaza, nalidai sasa. Usije ndotoni. Kama Zuhura ni wako, nyamaza. Kama si wako, Makokha, ndugu yangu, nakuomba unyamaze zaidi.

Mutua, wa viatu