Taya la Msemaji

Jumatatu, 7 Julai 2025
Taya limekaza tena. Asubuhi kinywa hakikufunguka hata kupitisha kipande cha kiazi. Mke wangu analalamika kwamba nikilala nasaga meno. Amesema, «Baba Jacob, niko nalala na moulin, mais bunga iko wapi?» Ati mimi ni mashine ya kusaga, lakini unga hauonekani. Sikucheka. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Beni kumposa mjukuu wetu Joyeuse, na msemaji wa familia ni mimi. Nikishindwa, atasema mdogo wangu Mbusa. Mbusa huchekesha watu hata matangani.

Jumanne, 8 Julai
Mbusa amefika na vidonge. Ati anayesaga meno ana minyoo. Toka Kipese hadi Musienene kila mtu anajua. Nimemeza. Mwalimu niliyefundisha miaka thelathini na minane — nimemeza! Koti la Mbusa la sherehe limekwisha kupigwa pasi, nimeambiwa.

Jumatano, 9 Julai
Chooni mara sita. Mnyoo hakuna. Taya lilelile.

Alhamisi, 10 Julai
Nimekwenda kwa Ésaïe, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa muuguzi wa meno. Nimemsimulia vidonge vya minyoo. Amebonyeza mashavu: misuli migumu kama jiwe. Akauliza kama kuna jambo linalonisumbua. Nikajibu hakuna.
«Mwalimu, ata sasa uko nayabana.»
Kweli, meno yalikuwa yamebanana.
Akauliza mchana nafanya nini. Nakariri hotuba ya Jumamosi, kurasa kumi na moja, kimoyomoyo, kinywa kikiwa kimefungwa. Akacheka — mbele yangu. Donc basi, minyoo ni hiyo hotuba, amesema. Maagizo: midomo ifungwe lakini meno yasigusane, ulimi upumzike, kitambaa cha moto shavuni robo saa, chakula laini, muwa marufuku.

Ijumaa, 11 Julai
Kitambaa, mara tatu. Nimegundua kwamba nikifika kwenye aya ya wahenga, meno hukutana yenyewe. Nimeifuta aya hiyo. Kisha nyingine kadhaa; zimebaki kurasa sita. Mama Jacob amelala vizuri. Ati moulin ilikosa mazout, mafuta ya kuiendesha. Leo nimecheka kidogo. Taya halikuuma.

Jumamosi, 12 Julai
Wageni wamefika saa nne. Mimi nipo chumbani, kitambaa shavuni, kwa amri ya mke wangu. Mbusa amesimama kunishikia nafasi.
Namsikia kupitia ukutani. Hakuwataja wahenga. Hakufuata utaratibu wowote. Amewaambia kwamba Joyeuse anakula chakula cha watu wawili, anayemtaka awe na shamba kubwa. Mzee Siméon, msemaji wao, akajibu, «Ndio maana tumekuya na jembe.» Nyumba nzima ikacheka, na wanawake wakapiga vigelegele.
Nilingoja meno yangu yakutane. Hayakukutana.
Joyeuse amechungulia mlangoni, machozi ya kicheko machoni. «Babu, babu Mbusa anauliza, unakuya?»
Nimemwuliza kama wakwe wamechukizwa. Amesema mama wa kijana amekwisha kumwita «mwanangu».
Nimejibu nakuja. Kinywa kinafunguka chote. Nimejaribu mara mbili mbele ya kioo. Sina udhuru. Hotuba iko mfukoni, kurasa sita.
Wanacheka tena huko.
Nimefunga kamba za kiatu cha kwanza. Nimezifungua. Nazifunga upya, polepole.