Majani ya Maboga kwa Mzee Wako

Mama,

Tulia kwanza, usinikatize. Najua ungekuwa hapa ungekwisha kuniuliza habari za mzee wako kabla sijakaa vizuri. Nitakueleza, lakini nitaanzia mwanzo. Wewe ndiye uliyekuwa ukinipiga mkono nikifunua chungu kabla hakijaiva, basi leo na wewe ngoja kidogo.

Ni mimi, Subilaga, mkwe wako. Herufi hizi nilizipata misheni, wewe ukinibebea mtoto nje ya darasa. Kiswahili amenipa mume wangu, Asajile wako, naye alikiokota kwenye misafara, akibeba mizigo ya Wadachi, hao Wajerumani, kutoka ziwani kwenda boma la milimani. Ulikuwa ukikicheka, unasema ni lugha ya watu wenye haraka. Basi inanifaa, maana mpunga umekomaa na haraka ndiyo maisha yangu.

Msimu huu unaujua mwenyewe. Tangu jua linachomoza niko juu ya dungu naamia ndege, napiga kelele mpaka koo linakauka. Jua likizama ndege wanakwenda kulala, na mimi ndipo nashuka. Nikifika nyumbani nakuta kundi jingine la ndege: mwanangu na wenzake wa rika lake, wale wanaokula leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Wamekaa nje wananitazama mikono. Hakuna anayesema ana njaa. Wanatazama tu, na hiyo ni mbaya kuliko kusema.

Hapo ndipo ninapokukumbuka na kucheka peke yangu, maana ulinifundisha kuwaweza. Asubuhi, kabla sijatoka, maharage yanaingia kwenye chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, gogo bichi linafukiwa chini ya mafiga, majivu yanazungushwa pembeni, jani la mgomba linafunika juu. Jioni nakuta yameiva yenyewe. Napaka mafuta mikononi utomvu usinigande, namenya ndizi, nazitupia humo humo. Juu yake majani ya maboga, mwisho kabisa maziwa ya mgando kidogo. Ndama hawajamaliza kufungwa, sisi tumeshaanza kula. Watoto wanashiba na kesho yake hakuna anayelia tumbo.

Na kila mara ulikuwa unachungulia chunguni mwangu na kuuliza, "Na majani?" Hata siku niliyochinja jogoo kwa ajili yako, uliangalia yale mapaja yote yaliyonona, ukauliza majani yako wapi. Nilinuna siku ile. Leo nikikumbuka nacheka hadi machozi yanatoka.

Mzee wako naye, kila jioni, ng'ambo ya migomba, alikuwa na jibu lake: "Mimi si mbuzi." Simwoni, sijawahi kumwona uso. Ni mkwe wangu, na mwiko ni mwiko. Akitokea upande huu mimi natorokea upande ule, na jina lake silitamki, wala hapa siliandiki. Lakini sauti yake naijua. Nilikuwa nasimama kwenye migomba nimebana kicheko, nikiwasikiliza mkigombania majani kama watu waliooana juzi. Yeye analalamika, wewe unamwambia ameze. Na chungu kilikuwa kinarudi kitupu.

Siku ile umelala huwezi tena kugeuka, ulinishika kiganja ukasema, "Subilaga, yule asilale njaa." Hukusema habari za ng'ombe, hukusema habari za shamba. Ulisema za yule tu. Niliitikia, Mama. Na najua ulisikia kwa sababu uliniachia mkono.

Basi tulipokwisha kukuzika, nikaona sasa ndio wakati wa kumpa raha. Nikasema moyoni, masikini mzee wa watu, miaka yote analazimishwa majani, acha apumzike. Nikaagiza samaki wa mbasa kutoka ufukweni. Nikapika wali mweupe. Nikachinja kuku, mimi ambaye kuku wangu nawapenda kama watoto. Jani hata moja sikutia. Jioni naweka chakula kwenye lile jiwe lililo kati ya nyumba yake na yetu, nakohoa ili ajue kimefika, nakimbia kujificha.

Chakula kilirudi jinsi kilivyokwenda. Amedonoa pembeni, basi. Nikaongeza samaki, akadonoa. Nikapika vizuri zaidi, kwa hiyo nikachelewa zaidi, kikamfikia kimepoa, akadonoa. Na sauti hakuna. Ng'ambo ya migomba palikuwa kimya hata nikawa naogopa kupita. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba anamfuata mkewe. Asajile alirudi Jumapili moja, akaenda kumwona, akatoka akasimama penye vigingi vya ng'ombe amenipa mgongo. Kisha akasema, "Baba anaisha."

Mama, nilivunjika. Mimi ndiye ninayempikia na siwezi hata kumtazama nijue ameisha kiasi gani. Neno moja tu uliniachia, na hilo hilo linanishinda. Usiku nilikuwa nikikuambia gizani, niambie basi, anataka nini huyu mtu wako? Ukanyamaza. Wewe, wa kunyamaza!

Sasa sikiliza. Ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, ila ndege walishuka mpungani kama wameitwa karamuni. Nilipiga kelele, nikatupa udongo, nikapiga debe, na hawakuondoka mpaka jua limezama kabisa. Nafika nyumbani miguu imejaa tope, vijana wamepanga mstari wananitazama mikono. Samaki hakuna. Kuku wamekwisha kupanda kulala. Kilichokuwapo ni maharage yako kwenye majivu, basi. Nikafanya ile ya kwako, mbio mbio: ndizi ndani, majani ya maboga juu, maziwa, funika, epua. Nikapakua cha mzee kwenye kijungu kidogo nikiona aibu, nikakiweka kwenye jiwe, nikakohoa, nikajibanza nyuma ya migomba nikimwomba Mungu asikasirike.

Nikasikia hatua zake. Zilikuwa nyepesi, za mtu aliyepungua. Nikasikia anafunua jani.

"Mimi si mbuzi."

Mama, nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, tope na mafuta na kila kitu. Ilikuwa sauti yake ile ile ya kununa, mbovu kidogo kwa kutotumika. Alikaa pale pale juu ya jiwe, hakwenda hata nyumbani, akala. Nilimsikia akila. Nilimsikia akikwangua. Alipoondoka nikaenda nikakuta kijungu kitupu, kimefutwa mpaka chini. Nikakikumbatia nikalia na kucheka, na wale vijana wakadhani nimeumwa na nyoka.

Tangu hapo majani hayakosi. Kila jioni ananipigia kelele mimi asiyeniona, na kila jioni hakibaki kitu. Asajile anasema mashavu yamerudi. Majirani wamehamia kunong'ona mengine.

Na jana, Mama, hili ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Nilikwenda asubuhi kuchukua kijungu kwenye jiwe. Pembeni yake palikuwa na fungu la majani ya maboga, limefungwa kwa ukamba wa mgomba. Ni ya yale maboga yako, yaliyotambaa mpaka kaburini kwako, maana huko ndiko yalikobaki machanga. Yalikuwa yametolewa nyuzi, shina kwa shina, vile vile ulivyokuwa unatoa wewe. Sijapata kuona mwanamume wa huku akitoa nyuzi majani ya maboga. Nyingine zimekatika vibaya, ungemcheka. Lakini alikuwa akikutazama miaka yote hiyo, Mama. Alikuwa anajua kila kitu.

Nimeyapika jana hiyo hiyo. Amelalamika zaidi ya siku zote.

Ndaga fijo, asante sana, Mama. Lala vizuri, neno lako nimelishika. Nitaendelea kumpa majani mpaka mmoja wetu achoke, na mimi sichoki. Barua hii nitakuja kukusomea Jumapili, lakini kama huna subira, jioni hii hii jua likizama tega sikio. Hapo ulipo si mbali na jiwe. Utamsikia mwenyewe.

Mkwe wako,
Subilaga